Mstari wa Jina la Fundi

Fomu ilitoka Poland, kwenye kasri la kale ambalo siku hizi ni jumba la makumbusho ya sanaa na historia, na ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la fundi. Mistari ya mambo mengine ilikuwa mingi: kitambaa gani, uzi gani, kofia ilivaliwa lini, ilivaliwa na nani, hufuliwa vipi. Mdogo wetu wa mwisho, anayesoma huko, alinitafsiria yote kwa Kiarabu akaniletea kwa simu, nami nikateremka kuichapisha kwenye duka la vifaa vya skuli lililo chini ya fleti yetu hapa Darsait, Muscat. Niliijaza kwa kalamu, polepole, kwa sababu mwandiko wangu ni wa mtu aliyeacha skuli darasa la tisa na napenda usomeke. Nilipofika kwenye jina la fundi nikaiweka kalamu chini. Mstari ulitaka jina moja, na kofia ile ilishonwa na watu wanne.

Nieleze sisi ni nani. Mimi ndiye wa kwanza. Anayenifuata ni mwanamme, na leo ni mudiri katika wizara moja kule Al Khuwair, mkubwa wa idara nzima, ana ofisi yake na mlango wa kufunga. Wa tatu ni mwanamke, anasomesha skuli ya wasichana. Wa nne ni huyo anayesomea udaktari Poland. Nyumbani hatuwaiti kwa majina yao. Tunawaita Mudiri, Mwalimu na Daktari, kwa utani ulioanza walipopata nafasi hizo na ukakataa kutoka. Mimi sina cheo. Mimi ni Dada.

Baba alikuwa akiendesha gari la maji. Alitangulia yeye, na Mama akamfuata kabla mwaka haujatimia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Daktari hajatimiza mitatu. Baada ya hitima jamaa walikaa sebuleni wakatugawa. Walitugawa kwa mapenzi, sisemi kwa ubaya: Mudiri aende kwa ami yetu, Mwalimu kwa mama mkubwa, Daktari kwa jamaa mmoja asiyejaaliwa mtoto, na mimi niolewe. Nilikuwa nikizungusha kahawa wakati huo. Nikaliweka dele la kahawa chini, nikasema sisi hatugawanywi.

"Utawalisha nini, mwanangu?" ami akaniuliza.

"Kofia."

Kuna waliocheka kidogo, kisha wakanyamaza walipoona sicheki nao. Mama alikuwa mshonaji wa kofia. Alikuja na kazi hiyo kutoka Unguja, na hapa Muscat mwanamme hatoki nje bila ya kofia au kilemba, kwa hivyo kazi haikosekani. Alikuwa amenifundisha kuchora kofia na kuiunga, yaani mwanzo wa kazi na mwisho wake. Yaliyo katikati nilikuwa nimeyatazama tu. Ami hakulijua hilo, na mimi sikumwambia.

Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kwanza huchorwa kwa penseli. Kisha mistari ya ile michoro hushonwa, na ndani yake husukumwa uzi mnene ili iinuke. Kisha hutobolewa vitundu, mamia ya vitundu, kwa sindano nene, na kila kimoja huzungushiwa uzi mwembamba mpaka kikakaa wazi chenyewe. Mwisho vile vipande viwili huungwa. Hivyo vitundu ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani, na ndivyo vinavyotofautisha kofia na kofia. Mtu akitaka kujua kofia nzuri huigeuza, akaielekeza kwenye mwanga, akavitazama.

Tulijifunza kwa kuharibu. Nilifumua kofia kuukuu ya Baba ili tuone ndani yake mna nini, na baada ya miezi kila mmoja akawa amepata mahali pake. Mimi nilichora na kuunga. Mwalimu, ambaye alikuwa na miaka minane na subira ya mtu mzima, alipewa mistari. Daktari alipofika umri wa kushika sindano bila ya kujichoma alikuwa akitutungia uzi. Kila asubuhi kabla ya skuli alitunga sindano ishirini na kuzichomeka kwenye mto mdogo, na akirudi akazikuta zimekwisha hutugombeza kama bibi. Na vitundu alivishika Mudiri.

Sikumpangia mimi. Alikuwa na miaka kumi na moja, akaniona nahangaika na kitundu kimoja robo saa nzima, akaninyang'anya. "Unakivuta, Dada. Hakitaki kuvutwa." Kitundu chake cha kwanza kilikuwa bora kuliko vyangu vyote. Cha kumi kilikuwa bora kuliko vya Mama, na namwomba Mama anisamehe kwa kusema hivyo, lakini yeye mwenyewe angelisema.

Tabu ilikuwa moja. Hapa kwetu kofia huvaliwa na wanaume na hushonwa na wanawake, na mtoto wa kiume akionekana na sindano, jina atakalopewa skuli atazikwa nalo. Kwa hivyo Mudiri alifanya kazi huku pazia limeshushwa. Mlango ukigongwa, kazi iliingia chini ya mto na kitabu kikatoka. Siku moja aligonga ami, na kwa haraka ile Mudiri aliikalia kofia yenye sindano ndani yake. Ami alikunywa vikombe vitatu vya kahawa na kuuliza habari za masomo. Mudiri alimjibu yote kwa adabu, hakutikisika, na machozi yalipomtoka, ami alimsifu kwamba bado anawakumbuka wazee wake.

Kwa kofia hizo tulikula, tukavaa, tukasoma. Nasema tukasoma, ingawa mimi sikurudi, kwa sababu vitabu vyao vyote vilipita mezani kwangu na kila usiku mtu alinisomea kitu huku nikichora. Hakuna aliyekwenda kwa ami, wala kwa mama mkubwa, wala kwa yule jamaa.

Mudiri alipooa alitaka kofia ya arusi. Alikuwa ameshaanza kazi wizarani na angeweza kununua yoyote sokoni Mutrah. "Ishoneni nyinyi," alisema, "lakini vitundu nitatoboa mwenyewe. Sitaki vitundu vya mtu." Alikuwa akija hapa akitoka kazini, anavua kanzu yake nyeupe, anabaki na fulana, na pazia linateremka kama zamani. Daktari alikuwa bado skuli, darasa la kumi; akatutungia uzi kwa kulalamika kwamba sasa ana ndevu. Ilikuwa kofia bora kuliko zote zilizopata kutoka katika nyumba yetu. Siku ya arusi wanaume waliivua kichwani mwake wakaizungusha majlis nzima, ukumbi wao wote, na mzee mmoja muuza kofia akaielekeza kwenye taa akavitazama vitundu kimoja kimoja. Alipouliza nani kaishona, Mudiri alisema, "Dada." Niliambiwa siku ile ile, na sikuona vibaya. Arusi ni yake.

Sasa hilo kasri. Daktari alipofika Poland miezi ya kwanza ilimwia migumu, na kilichomtoa chumbani ni baridi ya chumba chenyewe. Katika mji wake kuna kasri la matofali mekundu, na siku moja ya wiki kiingilio ni bure, na ndani mna joto. Alikuwa akinipigia simu kutoka huko akinitembeza kwa kamera. Lina minara miwili, na handaki kulizunguka ambalo halina tena maji, limeota majani na watu hupitisha mbwa. Zamani walikaa mabwana wa nchi, baadaye likawa kambi ya askari, likaungua, likajengwa tena tofali kwa tofali, na sasa mna picha za kuchora na vitu vya kale, na bibi mmoja anayekaa kwenye kiti kila chumba kuhakikisha hukigusi kitu.

"Dada, mtizame huyu bwana," aliniambia siku moja, akaielekeza simu kwenye picha ya mwanamme mwenye masharubu aliyevaa joho refu na mshipi mpana wa hariri wenye nyuzi za dhahabu. "Mpe khanjar ya kiunoni tu, umpeleke sokoni Nizwa, hapana atakayemuuliza katoka wapi."

Akazoeana na mama mmoja wa pale makumbusho, mkubwa wa sehemu ya nguo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mama huyo alikuwa akitayarisha maonyesho ya vitu vya kuvaa kichwani: helmeti za chuma za wale mabwana, kofia za manyoya, vilemba vya mabibi arusi wa kule, na kando yake vitu walivyoleta wageni wanaoishi katika mji huo kutoka makwao. Daktari alimwonyesha picha ya arusi ya kaka yake. Mama yule akaipanua ile picha mpaka kofia ikajaa kioo chote, akasema anaitaka hiyo. Ndipo ikaja fomu.

Nikaichukua nikaenda nayo Al Khuwair, ofisini kwa Mudiri, kwa sababu kofia ni yake na ilikuwa kabatini kwake. Karani wake aliniletea chai ya maziwa. Mudiri aliisoma ile fomu kwa kalamu mkononi, kama anavyosoma karatasi za serikali.

"Kofia ichukueni, Dada, mimi nimesharidhia. Hapa kwenye fundi andika jina lako."

"Langu litakuwepo. Nimekuja kwa lako."

Akainuka akaenda kufunga mlango.

"Lako linatosha. Wewe ndiye uliyetulea. Iwe heshima yako hii, wallahi nnasema kwa moyo."

Nilijua anasema kwa moyo. Nilijua pia kwamba anakimbia, maana nimemlea na namjua akikimbia anavyokuwa mkarimu.

"Vitundu katoboa nani?"

"Dada. Sauti."

"Nnauliza tu."

"Nna watu thalathini humu ndani. Mmoja akiona kwenye simu yake mudiri wake yumo katika kasri la Ulaya, katoboa kofia, kesho nnaingia kwenye mkutano nnasikia watu wanakohoa."

"Wataona umetoboa vizuri."

"Na mke wangu?"

Hapo ndipo mimi nilipostuka. "Mkeo hajui?"

Alitazama dirishani, magari yalikuwa yamesimama barabara kuu yote. "Mwanzo niliona haya. Halafu nikaona nimechelewa kumwambia. Miaka tisa, Dada, unaanzia wapi?"

Nikaikunja fomu nikaitia mkobani. "Basi haitakwenda."

"Kofia ni yangu," alisema, lakini kwa upole.

"Kofia ni yako. Fomu ni yangu."

Nilipanda basi nikarudi Darsait, na kwa wiki mbili fomu ilikaa chini ya kitambaa cha meza. Daktari alipiga simu kila siku. Alisema yule mama ana tarehe yake, vitu vyote viwe vimeandikishwa kabla ya mwisho wa mwezi, na kompyuta ya makumbusho ina nafasi ya jina moja la fundi na haijui zaidi.

"Anasema ataandika jina lako, halafu 'na familia yake'."

"Familia ni nani? Hata paka ni familia."

"Hatuna paka, Dada."

"Basi watu wa kule watadhani tunaye."

Akacheka, kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nikilingojea. "Jina langu usilitie. Mimi nilikuwa natunga uzi tu."

"Bila ya uzi kofia ni kitambaa. Utaandikwa."

Mwalimu naye alikuja na sahani ya halua, akaketi karibu yangu kama anavyofanya akitaka kunigeuza. Alisema kaka yetu ana sababu zake, mji huu mdogo. Alisema sisi wenyewe tunajua nani kafanya nini, na hiyo inatosha. Na nikiri kwamba zilipita siku mbili nilipotaka kuichukua kalamu na kuandika jina langu nikamaliza. Nilikuwa natamani kofia ile ifike. Mimi sijatoka Oman isipokuwa kwenda umra, na nilitamani kitu kilichopita mkononi mwangu kikae katika kasri lenye minara.

Lakini nilikumbuka sebule ile, na dele nililoliweka chini. Watu wenye nia njema walitugawa mara moja, kila mmoja na nyumba yake, na mimi nikakataa nikiwa sina chochote. Sasa ninavyo vitu vingi. Nitakubalije tugawanywe kwenye karatasi, mmoja awe fundi na watatu wawe hawakuwepo? Kasri lile lina walinzi na kufuli na daftari zinazotunzwa miaka mia. Nilitaka mtu atakayeifungua daftari hiyo, asiyetujua wala sisi hatumjui, atukute wanne pamoja. Nikamwambia Mwalimu ale halua yake.

Daktari aliniomba nipige picha za karibu, kwa sababu yule mama alitaka kuona ushonaji kabla ya kuamua taa za kabati. Nilikwenda kwa Mudiri kuiazima kofia. Akaitoa kabatini akanipa. Nikaipiga picha dirishani, nje na ndani, juu na ukanda, nikazituma.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wote walikuja kula kwangu kama kawaida: Mudiri, mkewe na watoto wao wawili, na Mwalimu na mumewe. Tulikula wali na samaki wa kupaka. Mke wa Mudiri ni mtu wa mzaha, wazee wake walitoka Tabora, na Kiswahili chake kina mambo ya bara ambayo tunamtania nayo na yeye hutulipa. Tulikuwa tumeshaondoa sinia ndipo simu ilipolia. Alikuwa Daktari, kwa kamera, na nyuma yake nikaiona ile picha ya bwana mwenye masharubu. Alikuwa kasrini.

"Assalamu alaikum nyote. Dada, huyu mama anataka kuzungumza nawe mwenyewe. Leo ndiyo mwisho. Mimi nitafasiri."

Nikaiegemeza simu kwenye jagi la maji, juu ya meza, wote wakasogea. Yule mama akatokea, miwani machoni, ameshika karatasi. Alitusalimia. Kisha akaanza kusema kwa Kiingereza, kidogo kidogo, na Daktari akimfuata kwa Kiswahili.

"Anasema picha zako amezitizama siku nne kwa kioo cha kukuzia. Anasema mwanzo alidhani wewe ni mkaidi."

"Mwambie ndiyo," akasema Mwalimu.

"Anasema sasa ameona. Hii kofia si mkono mmoja. Aliyeshona mistari huvuta uzi sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho, huyo ni mtu mtulivu. Aliyeunga ana mshono mzito, mshono wa mtu asiyetaka kitu kifumuke."

Mume wa Mwalimu akanitazama akacheka chini kwa chini.

"Na anasema vitundu ni vya mkono mwingine kabisa." Daktari akamsikiliza, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu anayejizuia kucheka. "Anasema amefanya kazi humu kasrini tangu ujana wake. Anayo mavazi ya maaskofu, anayo mishipi ya mabwana hawa, yote ya uzi wa dhahabu. Anasema vitundu kama hivi hajapata kuviona. Amevihesabu safu moja, havipishani hata unywele. Anauliza..." Hapo akashindwa, akageuza uso pembeni.

"Anauliza nini?" nikamwambia.

"Anauliza, ni nani huyu mwanamke?"

Mke wa Mudiri alinitazama mimi, akamtazama Mwalimu, akangoja. Mwalimu akaanza kuokota punje za wali mezani. Mimi nilifunga mdomo wangu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitamtaja Mudiri mbele ya mkewe, na kama siku ingekwisha hivyo, ingekwisha, na kofia ingerudi kabatini.

Mudiri alikuwa amekaa nyuma kabisa, hata hakuonekana kwenye kamera. Alijikohoza.

"Mwambie si mwanamke," alisema.

Daktari akafasiri. Yule mama alivua miwani.

Mudiri akasogea mbele mpaka uso wake ukaingia kwenye simu. Akasema kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni kizuri, cha mikutano. Nilielewa maneno machache tu, lakini nilielewa alipojigusa kifua, na alipounyanyua mkono wake wa kulia akaonyesha kidole cha shahada, kwenye ncha, ambapo mpaka leo ana ngozi ngumu ya sindano ambayo miaka yote mkewe aliambiwa ni ya kalamu. Kisha akaanza kumweleza namna ya kuzungusha uzi. Hakivutwi, alikuwa akimwonyesha kwa vidole, kinazungukwa. Yule mama alichukua penseli akawa anaandika.

Mkewe alingoja mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo miaka tisa," alisema taratibu, "vifungo vya kanzu zako nnapeleka kwa fundi, nnalipa, na wewe umekaa unaniangalia."

"Vifungo si vitundu," akasema Mudiri.

"Usinijibu. Kuna mapazia kule nyumbani yanakungoja."

Tulicheka mpaka mume wa Mwalimu akatoka nje kupumua. Binti yao wa miaka saba alikuwa akiuliza, baba kafanya nini, baba kafanya nini, na mamaake akamwambia, "Baba yako ni fundi, mwanangu, alikuwa anatuficha asije akafanyishwa kazi." Nilimtazama Mudiri. Masikio yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anacheka, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia.

Ilibaki kompyuta. Daktari alimwuliza yule mama, naye akaigeuza simu kwenye picha ya yule bwana mwenye masharubu, akauonyesha ule mshipi. Alisema mishipi hiyo ilifumwa na wanaume, wafumaji wawili wawili kwenye kitanda kimoja cha kufumia, na ya humu ndani yote ina jina la mwenye karakana, na wafumaji hawajulikani hata mmoja. Alisema hilo limemkera tangu alipoajiriwa. Jambo la kompyuta atalizungumza yeye na mkubwa wa makumbusho, na mkubwa akikataa ataandika majina yetu kwa mkono wake kwenye kibao. Tuyalete tu, leo.

Nikaitoa fomu chini ya kitambaa. Mudiri akaichukua kalamu kwa sababu mwandiko wake wa Kizungu ni mzuri kuliko wetu.

"La kwanza lako, Dada."

"Tuandike kama kazi ilivyokwenda."

"Basi uzi kwanza," alisema Daktari kwenye simu, upesi, yeye aliyekuwa hataki kuandikwa. "Bila ya uzi kofia ni kitambaa, umesema mwenyewe."

Wakabishana. Mwisho lilitangulia jina la Daktari, kisha la Mwalimu wa mistari, kisha la Mudiri wa vitundu. Mimi ningeweza kuwa wa kwanza kwa kuchora au wa mwisho kwa kuunga, nikachagua mwisho, kwa sababu kofia isiyoungwa haivaliki. Mstari ulikuwa mfupi, majina yakapanda pembeni mwa karatasi na kuzunguka kona. Nikaipiga picha hivyo hivyo na kuituma.

Daktari alikuja kwa likizo mwezi uliofuata, akaondoka na kofia ndani ya boksi alilolipakata mapajani njia nzima, hakukubali kuliweka juu na mizigo. Siku ya ufunguzi Mudiri hakuchukua ruhusa kazini. Aliniambia baadaye kwamba ilipofika saa yenyewe aliiweka simu mezani ofisini, mlango wazi, na karani wake akaingia na karatasi za kutiwa sahihi akakuta kofia imejaa kioo. Akauliza. Mudiri akamweleza. Baada ya robo saa idara nzima ilikuwa imesimama pale, na kila mmoja amevua kofia yake anaielekeza dirishani kutazama vitundu, na hakuna aliyekohoa. Wawili walimwuliza kama bado anashona. Aliwaambia waje kwangu wachorewe kwanza, na walikuja.

Mimi niliiona nikiwa nyumbani na Mwalimu. Ni chumba chenye dari ya mawe iliyopinda, na kofia yetu iko katika kabati la kioo peke yake, juu ya kigingi cha mbao, baina ya kabati la helmeti ya chuma na la kilemba cha maua. Wamewasha taa ndogo ndani yake, kwa chini, na mwanga unapita kwenye vitundu vya Mudiri ukaenda ukutani. Ukuta mzima wa kasri una nyota zetu. Mama yule ndiye aliyefikiri hivyo, kwa picha nilizopiga dirishani. Mwalimu alinishika mkono akaubana mpaka pete yake ikaniumiza.

Chini ya kioo kuna kibao, na kwenye kibao majina manne.

Wiki iliyofuata Daktari alinipigia tena akiwa pale. Walikuwa wameingia watoto wa skuli, weupe, wenye majaketi ya rangi, wamesimama pua zao zimegusa kioo na yule bibi wa kwenye kiti anawakemea. Mwalimu wao aliinama akawasomea kibao. Alisoma majina yetu moja baada ya moja, na kila moja alilisoma vibaya, kwa ulimi wa nchi yake, akisita kila herufi, akarudi nyuma, akaanza tena. Daktari akaninong'oneza, je, aende akamsahihishe.

Nikamwambia amwache. Alikuwa amefika jina la tatu, na nilitaka kumsikia akimaliza.